Mapigo Yakitulia, Karatasi ya Picha ya Moyo Isitupwe

Mwezi huu tunazungumza juu ya mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo, yakatibiwa hata yakarudi katika mwendo wake, kisha siku moja yakavurugika tena bila mwenyewe kutambua. Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana si vema kuwafundisha wengine huku tukificha la kwetu.

Miaka miwili iliyopita alifika kwetu mama mmoja wa makamo, muuza ndizi na mihogo sokoni. Alisema moyo wake unaruka kama kuku aliyefungwa ndani ya tenga, na kwamba kupanda kilima cha kwenda nyumbani kumekuwa kazi ya kupumzika mara nne njiani. Muuguzi mmoja alimsikiliza kifuani, na mwingine akamshika kifundo cha mkono kwa dakika ile ile. Kifuani tulihesabu mapigo 132, mkononi 104. Tofauti ile ilitutosha kujua kuna jambo. Mapigo mengine yalikuwa dhaifu mno hata hayakufika mkononi, na yale yaliyofika hayakuwa na mpango: mawili ya haraka, kimya, moja kubwa, matatu madogo, kimya tena. Kipimo cha umeme wa moyo kilithibitisha, na daktari akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa.

Huko alipigwa picha ya moyo, akanyweshwa dawa ya kuzuia damu isigande kwa majuma matatu, kisha akalazwa usingizi mfupi na moyo wake ukashtuliwa kwa umeme. Ulirudi katika mwendo wake siku ile ile. Alirudi kwetu akitabasamu, akanyoosha mkono wake mezani na kuuliza, “Sista, mimi nimepona?” Tukashika mkono. Mapigo 76, yamepangika kama saa ya ukutani. Tukamjibu, “Mama, moyo umetulia. Umepona.”

Katika mkoba wake ilikuwamo karatasi ya ile picha. Tuliisoma juu juu, tukatafuta mstari wa mwisho unaosema msuli wa moyo una nguvu, tukafurahi, tukamrudishia. Mistari miwili ya juu ilisema hivi: chumba cha juu cha kushoto kimepanuka, sentimita 5.4, mlango wa kushoto umekuwa mgumu na umebanwa kiasi. Daktari wa rufaa alikuwa ameandika pia kwamba dawa ya kuzuia damu isigande iendelee. Mama yule alimaliza dozi ya mwezi mmoja, akapiga hesabu ya nauli ya kwenda kupima damu, akakumbuka kuwa sista amesema amepona, akaacha. Mwezi wa nne baada ya hapo, alfajiri, alipokuwa akiwasha moto wa chai, mkono wa kulia ulikataa kushika kuni. Alipotaka kumwita binti yake, neno halikutoka.

Alipoletwa tulimshika mkono tena. Mapigo yalikuwa yamevurugika kama siku ile ya kwanza, na hakuna aliyejua yalivurugika lini. Tangu hapo tumekubaliana kwamba karatasi ya picha ya moyo isomwe yote, na isomwe mbele ya mgonjwa.

MOYO UNAVYOPOTEZA MWENDO

Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Vyumba vya juu hupokea damu na kuisukuma chini. Vya chini huisukuma mapafuni na mwilini. Mwendo huo huongozwa na umeme mdogo unaoanzia sehemu moja ya chumba cha juu cha kulia, ukasambaa kwa utaratibu, kama mwimbishaji anavyoanza na kwaya ikafuata. Katika ugonjwa huu kila sehemu ya vyumba vya juu hutaka kuwa mwimbishaji. Umeme huzunguka huku na huku, vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kukaza, na vile vya chini vinapokea amri zisizo na mpango.

Mtetemo wenyewe si kitu kinachoua papo hapo. Hatari kubwa iko katika damu inayobaki ikizubaa ndani ya chumba cha juu cha kushoto. Chumba hicho kina kimfuko kidogo pembeni, mfano wa kidole cha glavu, na damu ikituama humo huganda kama maziwa ya mgando. Kipande kikimeguka, husafiri na damu hadi kwenye ubongo, kikaziba mshipa. Hicho ndicho kiharusi kilichompata mama wa ndizi.

Huku kwetu wagonjwa wa namna hii ni wa makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni wazee na watu wa makamo wenye presha ya muda mrefu. La pili ni vijana na akina mama ambao wakiwa watoto walipata homa ya baridi yabisi baada ya kuumwa koo, na homa ile ikaacha kovu kwenye mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2014 uliwahesabu wagonjwa 3,343 wa moyo wa baridi yabisi katika nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 28 au chini ya hapo. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa ni ugonjwa wa wazee peke yao.

PICHA YA MOYO NI KITU GANI?

Wengi huogopa wakiambiwa waende kupigwa eko. Hakuna sindano, hakuna mionzi kama ya eksirei, na kwa picha ya kawaida hulazimiki kufunga chakula. Unalala ubavu wa kushoto, unapakwa ute wa baridi kifuani, na kifaa kidogo kinapitishwa juu ya ngozi. Kifaa hicho hutoa sauti nyembamba mno ambayo sikio la mwanadamu haliisikii. Sauti inagonga kuta za moyo na kurudi kama mwangwi wa mtu anayepiga kelele bondeni, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Ni altrasaundi ile ile ambayo akina mama wajawazito wameizoea, ila imeelekezwa kwenye moyo.

Asili yake yafurahisha. Katika mji wa Lund, nchini Uswidi, daktari Inge Edler alikuwa na shida ya kujua hali ya mlango wa kushoto wa moyo kabla ya mgonjwa kupelekwa kwenye upasuaji. Mlango ule ule ambao baridi yabisi huupenda kuuharibu. Rafiki yake, mwanafizikia Hellmuth Hertz, alijua kwamba kwenye karakana za meli wana mashine ya sauti ya kutafutia nyufa ndani ya chuma. Walijaribu mashine ya namna hiyo juu ya kifua, na tarehe 29 Oktoba 1953 wakapata mchoro wa kwanza wa mwangwi wa moyo unaotembea. Kwa hiyo chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya vyuma kilianza kazi yake ya moyo kwa kuutazama mlango ambao hadi leo unatuletea wagonjwa wengi.

CHUMBA KIKIPANUKA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mapigo yakisharudi katika mwendo wake, yatakaa au yatavurugika tena? Kwa kugusa mkono huwezi kujua, maana mkono hukueleza habari za dakika ile tu. Hata kipimo cha umeme ni cha sekunde chache. Picha ya moyo ndiyo inayoonyesha nyumba ambamo mwendo huo unaishi, na nyumba mbovu humtoa mpangaji mapema.

Jambo la kwanza la kuangalia ni ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto. Kwa kawaida upana wake hauzidi sentimita 4, karibu na upana wa yai la kuku. Mwaka 1976 madaktari wa Bethesda, Marekani, walitoa taarifa juu ya wagonjwa wa milango ya moyo na wa msuli wa moyo ulionenepa. Miongoni mwa 117 ambao chumba hicho kilikuwa chini ya sentimita 4, ni 3 tu waliokuwa na mapigo ya kutetemeka. Miongoni mwa 148 ambao kilizidi hapo, walikuwa 80. Wakasema pia kwamba chumba kikishapita sentimita 4.5, mapigo yaweza kurudishwa kwa umeme, lakini si rahisi yadumu. Mama wetu alikuwa na 5.4. Karatasi ilikuwa imeshatuambia.

Siku hizi upana peke yake hauwatoshi wataalamu, kwa sababu chumba huweza kutanuka kwa urefu huku upana ukibaki mzuri. Hupima ujazo wake wote na kuulinganisha na ukubwa wa mwili wa mtu, kwani mtu mnene mrefu na mwembamba mfupi hawawezi kuwa na kipimo kimoja. Ujazo ukizidi mililita 34 kwa kila mita moja ya mraba ya mwili, huhesabiwa kuwa chumba kimepanuka. Kadiri unavyozidi kupanda, ndivyo uwezekano wa mapigo kuvurugika tena unavyopanda.

Kwa nini kupanuka kulete vurugu? Ukuta uliovutwa miaka mingi na damu inayosubiri kupita mlango mwembamba, au na presha isiyotibiwa, huota makovu. Umeme ukikuta kovu hupinda, huzunguka, hurudi nyuma, na mzunguko ukianza hujilisha wenyewe. Huko Maastricht, Uholanzi, watafiti walifanya jaribio kwa mbuzi na kulitangaza mwaka 1995. Waliwawekea kifaa cha kuwatetemesha moyo kwa makusudi kila mara ulipotulia. Siku ya kwanza mtetemo ulikwisha wenyewe baada ya sekunde chache. Baada ya wastani wa juma moja hivi, kwa mbuzi 10 kati ya 11 uliendelea zaidi ya saa 24 bila kusaidiwa. Mtetemo huzaa mtetemo. Mgonjwa anayekaa na mapigo ovyo mwaka mzima akisubiri kuvuna na kuuza mahindi kwanza, anarudi akiwa na moyo uliokwisha kujifunza tabia mbaya. Tunajua nauli haiokotwi barabarani, lakini hatuna budi kulisema hilo.

Jambo la pili ni kunyumbuka kwa ukuta. Mashine mpya hufuata vidoa vidogo kwenye ukuta wa chumba na kuhesabu unavutika kiasi gani damu inapoingia. Katika mtu mwenye afya ukuta hunyumbuka kwa karibu asilimia 40. Ukuta wenye makovu hunyumbuka kidogo tu, kama mpira wa zamani uliokaa juani. Faida ya kipimo hiki ni kwamba ukuta waweza kuwa umekauka kabla chumba hakijapanuka, hivyo huwabaini wale ambao kwa rula wangeonekana wazima. Kwa bahati mbaya si kila mahali penye eko pana programu hiyo, na mtu asijione amedhulumiwa akipimwa bila kutajiwa kunyumbuka. Ujazo na mlango tayari vinasema mengi.

Mlango ndio jambo la tatu, na kwa wagonjwa wetu wa baridi yabisi tungeweza kuuweka wa kwanza. Mlango ukibaki umebanwa, kurudisha mapigo ni kama kupiga deki huku paa linavuja. Ndiyo sababu madaktari wa moyo hutaka mara nyingi mlango ushughulikiwe, ama kwa kuupanua kwa puto linalopitishwa kwenye mshipa wa paja, ama kwa upasuaji, kabla ya kutegemea mapigo yatulie. Kwa Tanzania kazi hizo hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015. Mtaalamu hutazama pia unene wa kuta za vyumba vya chini, ambao hufichua presha ya miaka mingi.

Baadhi ya wagonjwa huambiwa wameze mpira mwembamba wenye kifaa hicho hicho kwenye ncha yake. Safari hii ni lazima kufunga chakula, na koo hutiwa ganzi. Chumba cha juu cha kushoto kimeegemea bomba la chakula, kwa hiyo kutokea huko kile kimfuko huonekana vizuri. Daktari hutafuta kama kuna damu iliyoganda, maana akishtua moyo wenye bonge ndani yake anaweza kulirusha ubongoni. Huangalia pia kasi ya damu mlangoni mwa kimfuko. Ikiwa bado ni kubwa, kuna matumaini zaidi ya mwendo mzuri kudumu.

Yote haya yanaonyesha uwezekano tu. Tumewaona wenye chumba kikubwa wakakaa miaka na mapigo mazuri, na kijana mmoja mwenye picha safi akarudi baada ya siku tisa. Kwa jumla, baada ya kushtuliwa kwa umeme karibu nusu ya wagonjwa au zaidi huvurugika tena ndani ya mwaka mmoja. Picha husaidia kujua nani aangaliwe kwa karibu na nani asishtuliwe mara tatu nne bila faida. Daktari akikwambia, “Wewe tutakupa tu dawa ya kupunguza mbio za moyo na ya kuzuia damu kuganda,” usifikiri amekukatia tamaa au amekuona maskini. Huenda picha imemwonyesha kwamba umeme ungekusumbua bure.

MOYO ULIOTULIA LAKINI UMEKUFA GANZI

Hapa kuna jambo ambalo hata sisi wauguzi wa zamani hatukufundishwa vizuri shuleni. Baada ya kushtuliwa, kipimo cha umeme huonyesha mwendo mzuri siku ile ile. Lakini ukiweka kifaa cha picha kifuani, mara nyingi utaona chumba cha juu bado hakikazi sawasawa. Umeme unapita, msuli umekufa ganzi. Hali hiyo yaweza kuendelea kwa majuma kadhaa. Damu inazubaa vile vile huku mgonjwa akijisikia vizuri, mapigo yamepangika, na kila anayemshika mkono anampongeza.

Kwa sababu hiyo dawa ya kuzuia damu isigande hutolewa majuma matatu kabla ya kushtuliwa na si chini ya majuma manne baadaye, kwa kila mtu. Baada ya hapo, kuendelea au kuacha hakuamuliwi na mapigo kutulia. Huamuliwa na hatari ya kiharusi aliyonayo mtu: umri, presha, kisukari, moyo kushindwa kazi, kiharusi cha zamani. Kwa mwenye mlango uliobanwa na baridi yabisi ambaye mapigo yake yaliwahi kwenda ovyo, dawa huendelea hata mapigo yakiwa mazuri. Mama yetu alikuwa wa kundi hilo la mwisho. Kipimo chetu cha kumshika mkono hakikuwa na haki ya kumwachisha dawa.

Tunaulizwa sana kuhusu dawa mpya ambazo hazidai kupima damu kila mara. Ni nzuri kwa wengi wenye mapigo ovyo ya presha au ya uzee. Lakini mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye moyo wa baridi yabisi na mapigo ovyo, katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini na ya Kati. Waliopewa dawa za kundi la wafarini, lile la zamani, walipata viharusi na vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa mlango asinunue dawa mpya kwa ushauri wa jirani.

Wafarini ina masharti yake. Kipimo cha damu chake, kinachoitwa INR, kwa wengi hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Mchicha na matembele si haramu, ila usile sufuria nzima juma hili na juma lijalo usiguse kabisa. Dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, pamoja na mizizi ya kuchemsha, zichunguzwe kwanza. Dada au mama anayetarajia kupata mimba aje tuzungumze kabla, kwa sababu wafarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Wala asiiache kimya kimya, maana hapo anajihatarisha mwenyewe.

YALIYO MIKONONI MWA FAMILIA

Picha inasema moyo umefika wapi. Njia ya kutoka hapo mnayo kwa sehemu ninyi wenyewe nyumbani.

Pombe tunaianza, na tunajua tutawaudhi baadhi ya wazee wetu. Huko Australia walichukuliwa watu 140 wenye ugonjwa huu waliokuwa wakinywa kila juma, nusu wakaombwa kuacha na nusu wakaendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Ndani ya miezi sita mapigo yalivurugika tena kwa asilimia 73 ya walioendelea, na kwa asilimia 53 ya walioombwa kuacha. Tofauti hiyo ilipatikana bila kununua kidonge hata kimoja. Mbege, ulanzi na bia ya chupa moyo hauzitofautishi.

Presha itibiwe kila siku, hata siku ambazo kichwa hakiumi. Unene upunguzwe pole pole. Anayekoroma sana usiku na kukatikiwa pumzi usingizini amweleze daktari, maana hilo nalo huuvuta ukuta wa moyo. Mwenye rovu apimwe homoni za tezi. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi huwasha mapigo ovyo, na ikitibiwa yaweza kuyamaliza.

Watoto wetu wanaoumwa koo kwa homa, bila mafua wala kikohozi, waletwe zahanati. Mtoto ambaye tayari alipata homa ya baridi yabisi na kuandikiwa sindano ya penisilini kila majuma manne asikose hata moja. Tumesikia wazazi wakisema, “Mtoto anacheza mpira, sindano ya nini?” Kila homa mpya huongeza kovu juu ya kovu, na kovu hilo ndilo litakalosomwa kwenye karatasi akiwa na miaka 25.

Jifunzeni pia kuhesabu mapigo. Wekeni vidole viwili chini ya kidole gumba, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, na hesabuni dakika nzima kwa saa. Sikilizeni mpango wake kama mnavyosikiliza ngoma: je, yanafuatana, au yanaruka ruka? Mgonjwa aliyewahi kurudishwa mapigo apimwe hivyo asubuhi angalau mara mbili kwa juma, hata kama anajisikia mzima, na yakibadilika aje siku hiyo hiyo. Uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakikwama, msingoje kuche. Tafuteni gari.

Mkienda kwa daktari na karatasi ya eko, msiogope kuuliza maswali haya: chumba cha juu cha kushoto kina ukubwa gani? Umeongezeka tangu mara ya mwisho? Mlango ukoje? Dawa ya damu naendelea nayo hadi lini, na nani ameamua hivyo? Nasi wauguzi tusichukie tukiulizwa. Zamani tulichukia.

Mama wa ndizi yuko hai. Mguu wake umepata nguvu, mkono bado unakataa vifungo vya gauni, na maneno yanakuja moja moja. Binti yake ameacha kibarua cha mjini ili akae mezani sokoni badala yake. Kila mwezi humleta kupima INR, na karatasi zote za moyo amezitia ndani ya mfuko wa plastiki, ile ya kwanza ikiwa juu. Picha ya karibuni ilionyesha chumba kina sentimita 5.6. Amepangiwa kwenda kupimwa kama mlango wake unafaa kupanuliwa kwa puto, na wanajumuiya wenzake wameanza kuchanga nauli. Kwenye kadi yake ya kliniki tumeandika kwa kalamu nyekundu, juu kabisa, kabla ya jina: “Chumba cha juu kimepanuka. Wafarini isiachwe hata mapigo yakitulia.” Sasa tunaandika hivyo kwenye kila kadi ya mgonjwa wa namna yake.